Ekari 40 zenye mikoko au shilingi milioni 2.4 kwa mwaka: nani atusaidie kupiga hesabu?

#1 MjumbeWaKijiji
Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji katika kijiji kimoja cha pwani, kati ya Lindi na Mikindani, na nimekuja kuomba msaada wa hesabu. Mwezi uliopita alifika kwetu mfanyabiashara akiomba ekari 40 kando ya hori letu (mkono wa bahari unaoingia nchi kavu) ili achimbe mabwawa ya chumvi. Karibu nusu ya eneo hilo ni uwanda mweupe usioota kitu. Nusu iliyobaki ni mikoko, ambayo imekatwa fito na boriti mara nyingi lakini bado imesimama. Ameahidi kukilipa kijiji shilingi 2,400,000 kwa mwaka kwa miaka 15, na kuwaajiri vijana wakati wa kiangazi.

Kikaoni wazee walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema kwamba mikoko ina faida kubwa. Yule bwana aliwasikiliza kwa adabu, kisha akauliza: "Faida hiyo ni shilingi ngapi?" Ukumbi mzima ulinyamaza. Mimi pia nilinyamaza, na ukimya ule haujanitoka kichwani mpaka leo, kwa sababu yeye alikuwa na tarakimu na sisi tulikuwa na maneno. Kijiji kina kaya 180. Kikao kijacho ni baada ya wiki tatu. Ninaomba mwenye ujuzi anionyeshe namna ya kumjibu.

#2 Mhasibu_Ligula
Ndugu Mjumbe, ichambue kwanza tarakimu yake kabla hujatafuta ya kwako. Shilingi 2,400,000 ukizigawa kwa kaya 180 unapata shilingi 13,333 kwa kaya kwa mwaka, yaani shilingi 1,111 kwa mwezi. Hiyo ni endapo kila senti itamfikia mwanakijiji. Isitoshe, shilingi 2,400,000 za mwaka wa 15 hazitanunua kile zinachonunua leo. Kama mkataba hauna kifungu cha kupandisha kodi, mtakuwa mnapunguziwa kila mwaka bila kuambiwa. Sasa swali linageuka: ni kaya ngapi hapo kijijini ambazo mikoko inazipa zaidi ya shilingi 1,111 kwa mwezi?

#3 MamaKaa
Kaya yangu mimi ingekuwa ya kwanza kuhesabiwa. Sitoki katika kijiji hicho, lakini hori letu ni la namna hiyo hiyo. Kila bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mara mbili kwa mwezi, mimi na wenzangu tunaingia na ndoano za chuma kuwatoa kaa mashimoni, na hata siku ambayo kaa wamekosekana ninarudi na chaza waliogandia mizizi. Kaa mmoja mkubwa aliyejaa nyama, mnunuzi wa hoteli anamlipia mara kadhaa ya hizo 1,111. Fedha hiyo haipiti kwa mtendaji wala haiandikwi katika kitabu chochote; inafungwa kwenye pindo la kanga na kesho yake imekuwa unga, sabuni na daftari la mtoto.

Nikuulize, kaka Mjumbe: katika kikao hicho waliosimama kusema walikuwa wazee wanaume peke yao? Kwetu wanaoingia mikokoni kila wiki ni wanawake, na ukumbini tunakaa nyuma. Huenda aliyekuwa na jibu la yule bwana alikuwemo humo humo lakini hakuulizwa.

#4 AfisaMisituMstaafu
Nimefanya kazi ya misitu Kusini kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ninaona kuna jambo limerukwa tangu post ya kwanza. Misitu ya mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya Serikali Kuu, na kwa sasa inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Halmashauri ya kijiji haina mamlaka ya kumpangisha mtu mikoko, hata kama kijiji kimeizunguka pande zote. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na mradi wa ukubwa huo hauwezi kuanza bila kupelekwa kwanza kwa mamlaka ya mazingira ili ichunguzwe athari yake. Kwa hiyo mwombaji ameanzia mlango usio wake, na kijiji kikisaini kitakuwa kimeuza kisicho chake.

#5 MjumbeWaKijiji
Ahsante sana, Mzee. Jambo hilo hakuna aliyelitaja kikaoni, hata mtendaji. Dada MamaKaa, umenena kweli: wanawake walikuwepo na hakuna aliyesema. Hata hivyo ninaomba tusiishie kwenye sheria. Mikoko yetu imekatwa miaka yote hii huku sheria ikiwepo, na kijana asiye na kazi ukimwambia "imekatazwa" bila kumwambia "inakulipa hivi", anasubiri usiku uingie.

#6 ChumviSafi
Mimi ninaishi kwa chumvi, na ninaomba nisikilizwe kama wengine. Nimefanya kazi katika mabwawa tangu nikiwa na miaka 17, wanangu wawili wamesoma kwa fedha za chumvi, na kina mama wanaokwangua na kupakia kwenye mifuko wakati wa kiangazi wanarudi nyumbani na fedha taslimu katika miezi ambayo korosho bado ziko kwenye maua. Hesabu ya Mhasibu imeangalia kodi ya ardhi pekee na kuacha mishahara. Mkitaka kulinganisha kwa haki, wekeni mishahara upande mmoja na kaa upande wa pili.

Halafu nijibiwe hili: kama mikoko ina thamani kubwa namna hiyo, kwa nini wanaoikata ni wenyeji wenyewe? Aliyekata boriti za nyumba zetu hakutoka Dar es Salaam.

#7 MzeeJarife
Mwanangu ChumviSafi, umeuliza swali la kiume na nitalijibu kadiri ya umri wangu. Nilianza kuvua na marehemu baba huko Mikindani kwa madema na jarife. Tulikata mlilana, ambao ni aina mojawapo ya mikoko, kwa ajili ya mataruma ya ngalawa, na mkoko wenyewe kwa ajili ya boriti, lakini tulikata mti mmoja hapa na mwingine kule, na hori lilibaki hori. Mti mmoja ukikatwa, jirani yake hutanua matawi. Bwawa la chumvi ni jambo jingine, kwa kuwa linajengwa tuta, maji yanazuiwa kuingia na kutoka, na hata mikoko ambayo hukuigusa kwa shoka inakufa ikiwa imesimama.

Faida yake kwetu wavuvi ni hii: kamba huzaa nje baharini, lakini watoto wake huingia horini na kukulia kwenye mizizi kabla ya kutoka tena. Ukifunga hori, mvuvi wa nje anapungukiwa bila kujua aliyemwibia.

#8 Kijana_Shangani
Shikamoo Mzee. Ninaheshimu maneno yako, lakini mimi sikubali kwamba samaki wamepungua kwa sababu ya mikoko. Samaki wetu waliuawa na baruti. Bomu moja linaua wakubwa kwa wadogo na kuvunja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua, na pale lilipoangukia panabaki kifusi. Ni lazima tutenganishe visababishi.

#9 MzeeJarife
Marahaba. Baruti nimeiona kabla hujazaliwa, na mimi ni mmoja wa waliosimama wakati vijiji vya pwani ya Mtwara na Lindi vilipoungana katika Shirikisho miaka ya 1990 kuikataa. Vijana wa mitumbwi ndio waliokuwa wakitaja majina ya walipuaji, na wengine walitishiwa maisha kwa ajili hiyo. Kwa hiyo sibishani nawe kuhusu baruti. Ongeza pia matumbawe yaliyochomwa katika matanuri ya chokaa ili tujenge nyumba nyeupe, na joto la bahari la mwaka 1998 ambalo liliyaacha matumbawe meupe kama mifupa. Samaki anahitaji hori la kukulia, nyasi za bahari za kupitia na mwamba wa kuishi. Ukimnyang'anya kimoja, viwili vilivyobaki havimtoshi.

#10 Msomi_Uchumi
Habari za jioni. Ninasoma uchumi, na jambo hili lina jina katika taaluma yetu: huduma za mfumo ikolojia. Mwaka 1997 Robert Costanza na wenzake walikadiria kwamba huduma ambazo maumbile yanawapa wanadamu duniani kote, kama kusafisha maji, kuchavusha mazao na kuzuia mawimbi, zina thamani ya dola trilioni 125 kwa mwaka. Mfano unaofundishwa sana ni wa New York. Mwaka huo huo wa 1997 jiji hilo liliamua kulinda misitu na mashamba ya milima ya Catskill inakotoka maji yake, kwa makadirio ya dola bilioni 1.5 hivi, kuliko kujenga mtambo wa kuchuja ambao ungegharimu bilioni 6 au zaidi. Msitu uliwafanyia kazi ya mtambo kwa gharama ndogo kuliko mtambo wenyewe. Ndugu Mjumbe anaweza kutumia hoja hiyo hiyo.

#11 Mhasibu_Ligula
Msomi, mfano wa New York ni mzuri, lakini rekebisha tarakimu ya Costanza. Makadirio ya 1997 yalikuwa trilioni 33; hizo 125 ni za marudio ya mwaka 2014. Hata zile 33 zilizua ubishi mkubwa, kwa sababu zilizidi pato la dunia nzima la wakati ule, lililokuwa karibu trilioni 18, na wakosoaji wakauliza ni nani duniani angeweza kulipa bei inayozidi mapato ya watu wote kwa pamoja. Mjumbe akienda kikaoni na trilioni, yule bwana atatabasamu na kikao kitakuwa kimekwisha. Aende na kaa wa MamaKaa, kamba wa Mzee na boriti, vyote vikiwa vimehesabiwa kwa bei ya soko la Lindi.

Kwa ChumviSafi: umesema kweli kuhusu mishahara, na ninakiri niliiacha. Iwekwe. Lakini na gharama nazo ziwekwe, ikiwemo ya kurudisha eneo katika hali yake baada ya miaka 15. Huko Thailand, mahali ambapo mikoko mingi ilifyekwa kwa ajili ya mabwawa ya kamba, wachumi walipopiga hesabu waliona kwamba bwawa linashinda ukitazama faida ya mwenye bwawa peke yake. Walipoondoa ruzuku, wakaongeza gharama ya uchafuzi na thamani ya mikoko katika kuzuia dhoruba, mizani ililalia upande wa mikoko. Hesabu inabadilika kulingana na nani amewekwa ndani yake na nani ameachwa nje.

#12 Mkorosho_Newala
Ninawasoma kutoka juu ya uwanda wa Makonde. Sisi wa Newala hatuhitaji mfano wa New York. Uwanda wetu hauna mito, maji yanasukumwa kwa mashine kutoka chemchemi za bondeni, na mama yangu aliamka alfajiri miaka yote ya utoto wangu ili ashuke na kupanda mteremko akiwa na ndoo kichwani. Ukitaka kujua thamani ya msitu unaotunza chemchemi, muulize mwanamke aliyenunua maji kwa ndoo.

Kuna jambo jingine ambalo wakulima wa korosho hatulitaji. Ua la korosho linahitaji wadudu, na nyuki ni miongoni mwao. Shamba langu moja limepakana na kipande cha kichaka cha asili ambacho marehemu babu alikataa kukifyeka, na jingine limezungukwa na korosho tupu kila upande. Napuliza salfa kwa ratiba ile ile dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga na ninapalilia kwa wakati mmoja, lakini lile la kichakani linazaa vizuri zaidi, na juu yake ninapata asali. Mimi ninaamini ni kazi ya nyuki.

#13 MzeeJarife
Watani zangu wa juu mnaifahamu bahari kwa harufu ya dagaa, lakini leo mmesema neno.

#14 Mtafiti_wa_Shamba
Ndugu Mkorosho, kwamba korosho inachavushwa na wadudu ni kweli isiyo na ubishi. Lakini mashamba mawili hayatoshi kuthibitisha. Udongo wa karibu na kichaka unaweza kuwa na rutuba zaidi, miti yako inaweza kutofautiana umri au mbegu, na kichaka kinaweza kukinga upepo wakati wa maua. Ningekushauri uhesabu maua yanayofunga matunda kwenye matawi machache ya kila shamba, kwa misimu miwili au mitatu, kabla hujawapa nyuki sifa zote.

#15 Mkorosho_Newala
Nitahesabu. Ila miti ni ya umri mmoja, niliipanda mwenyewe kwa miche iliyotoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele.

#16 Mwalimu_Kilwa
Ninapenda kumjibu ChumviSafi kuhusu swali lake la post #6, kwa nini wenyeji wanakata kilicho na thamani. Sisi wa Kilwa tumelipata jibu kwenye mpingo. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, barabara ya Kusini ilifunguka na magogo yakaanza kwenda Dar es Salaam usiku na mchana. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilikadiria kwamba taifa lilikuwa likipoteza mapato ya dola milioni 58 kwa mwaka katika biashara hiyo, na ilionyesha kwamba takwimu za China za mbao zilizoingia kutoka Tanzania zilikuwa mara 10 ya zile ambazo Tanzania iliandika kuwa zimetoka. Mwanakijiji aliyeonyesha mti ulipo alipewa ujira wa siku moja. Aliukata kwa sababu asingeukata yeye, angeukata jirani yake, na hakuna kati yao aliyekuwa mwenye mti.

Kisha vijiji kama Kikole na Kisangi vilitenga hifadhi za misitu za ardhi ya kijiji kwa msaada wa mradi wa Mpingo, ambao ulipata cheti cha kimataifa cha FSC, cha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009. Mti huo huo, ambao zamani ulikipa kijiji senti chache za dola kwa gogo, ulianza kukipa karibu dola 19. Mpingo ni ule ule unaochongwa vinyago na Wamakonde na kutengenezewa zumari za Ulaya, na unachukua miaka 70 hadi 100 kufikia umri wa kuvunwa. Kilichobadilika ni mwenye mali tu.

#17 MwanaLiwale
Mwalimu amesema vizuri, lakini asiwafanye wasomaji waone kwamba ni jambo la kutia saini na kuvuna. Sisi wa Liwale tuna msitu wa Angai, karibu hekta 140,000. Kutoka vijiji vilipoanza kuudai mpaka vilipokabidhiwa ilichukua zaidi ya miaka 10, kwa mikutano, ramani, mipaka iliyopimwa na kupimwa tena, vijiji vilivyogawanyika katikati ya mchakato, na wazee waliofariki kabla ya kuona cheti. Thamani ya kiuchumi ilikuwepo muda wote. Kilichokosekana ni karatasi inayosema ni ya nani.

Na hata baada ya karatasi, adui wa msitu kwetu leo ni ufuta. Bei ya ufuta ikipanda, kijana anafyeka msitu mpya kila baada ya misimu michache kwa sababu ardhi mpya haina magugu. Mpingo unamlipa mjukuu wake, ufuta unamlipa mwezi wa saba.

#18 Msomi_Uchumi
Alichokieleza MwanaLiwale ndicho kiini cha mjadala, kwa maoni yangu. Mtu mwenye njaa leo anaipa shilingi ya kesho thamani ndogo sana, na hakosei. Kwa hiyo suala la umiliki analolisema Mwalimu halitoshi. Unaweza kumpa mtu hati, na bado akauza.

#19 Mwalimu_Kilwa
Na mimi ninasema kinyume: anauza haraka kwa sababu haamini kwamba hati itaheshimiwa. Mwenye uhakika na shamba lake hupanda mnazi, ingawa mnazi nao unachukua miaka.

#20 MamaKaa
Mnazungumzia mwenye msitu kana kwamba ni mtu mmoja. Kule kwetu anayeuza ni mwingine na anayepoteza ni mwingine. Mikoko ikikodishwa, fedha inaingia mfuko wa kijiji, na kaa wanatoka kwenye ndoo yangu. Umiliki wa kijiji hauniambii kama mimi nimo.

#21 AfisaMisituMstaafu
Nirudi kwenye kurejesha kilichopotea, kwa kuwa wengi wanadhani ni kupanda miche tu. Niliwahi kushuhudia mradi mmoja ukileta watu kwa mabasi, fulana mpya na mbegu nyingi za mkoko, wakazichomeka kwenye tope la mbele linalofunikwa na maji muda mrefu. Baada ya mwaka mmoja nilirudi, nikakuta vijiti vimejaa chaza na hakuna jani. Mahali pale palikuwa pa mlilana, ambao ndio hustahimili mbele baharini. Mkoko hufuata nyuma yake, kisha muia na mkandaa, na mchu huvumilia hata chumvi kali ya nyuma kabisa. Huko Ufilipino walipanda kwa miongo kadhaa na sehemu kubwa ikafa kwa kosa hilo hilo.

Kwenye bwawa la chumvi lililoachwa, kazi ya kwanza ni kuvunja tuta ili maji yaingie na kutoka kama zamani. Kama kuna mikoko hai jirani, mbegu huja zenyewe na bamvua. Gharama yake ni majembe na siku chache za watu.

Na msidhani kurejesha ni ndoto za wageni. Shinyanga iliyokuwa ikiitwa jangwa ilianza mradi wa Hifadhi Ardhi mwaka 1986, kwa kufufua ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayotengwa na kufungiwa, ambazo Wasukuma walizijua tangu kale. Watafiti walipokuja kuhesabu kuni, malisho, dawa, asali na maji, walipata thamani ya dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya kawaida ya mtu wa vijijini yalikuwa dola 8.50.

#22 ChumviSafi
Nimesoma vyote kwa utulivu, na kuhusu tuta nakubaliana na Mzee Jarife, nimeiona mikoko ikifa nyuma ya tuta kwa macho yangu. Basi ninapendekeza njia ya kati: mwombaji apewe ule uwanda mweupe usioota kitu na aiache mikoko. Hapo nani amepoteza?

#23 AfisaMisituMstaafu
Pendekezo hilo ni la heshima na lingepunguza madhara mengi. Lakini uwanda huo hauko nje ya hori. Bamvua kubwa huufikia na kurudi na virutubisho. Bahari ikiendelea kupanda, huko ndiko mikoko itakakorudi nyuma. Ukiujengea matuta, mikoko inabaki katikati ya bahari na ukuta. Ningetaka kwanza nione njia za maji zimechorwa.

#24 Bibi_wa_Mikindani
Wanangu, hamjataja upepo. Mama yangu alikuwa akitusimulia kimbunga kilichoipiga Lindi mwaka 1952. Aprili 2019 tuliambiwa tuhame kwa ajili ya Kenneth, tukakesha, kikaenda kuwaangamiza ndugu zetu wa Msumbiji. Mei 2024 Hidaya ilikuja na mvua iliyokata barabara ya kwenda Dar es Salaam, na tulikaa siku kadhaa tukiona bei za dukani zikipanda. Daraja likibomoka, gharama yake inaandikwa kwenye bajeti. Mikoko ikizuia wimbi lisifike kwenye nyumba za watu, hakuna anayeandika kitu, kwa kuwa hakuna kilichobomoka.

#25 Kijana_Shangani
Shikamoo Bibi. Mikoko inapunguza nguvu ya mawimbi, hilo ninalikubali, lakini barabara ya Dar es Salaam ilikatwa na mito iliyofurika. Hilo ni suala la misitu ya bara na ukubwa wa makalavati, mikoko haihusiki.

#26 Bibi_wa_Mikindani
Marahaba mjukuu wangu. Basi na misitu ya bara iandikwe.

#27 Msomi_Uchumi
Kuna chanzo kimoja cha fedha ambacho hakijaguswa: hewa ukaa. Mikoko huihifadhi kwa wingi sana, hasa ndani ya tope, kuliko misitu mingi ya nchi kavu kwa hekta. Jirani zetu wa Gazi na Makongeni, pwani ya Kusini ya Kenya, wana mradi wa Mikoko Pamoja tangu mwaka 2013. Wanalinda hekta 117, wanauza kama tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka (mnunuzi analipia hewa hiyo izuiwe isiende angani), na fedha zimeingia kwenye maji na shule. Nchini kwetu kanuni za biashara ya kaboni zimetoka mwaka 2022.

#28 Mhasibu_Ligula
Tani 3,000 kwa hekta 117 ni kama tani 25 na nusu kwa hekta. Nusu ya ekari 40 ni ekari 20, yaani hekta 8 tu, kwa hiyo kwa uwiano huo mnazungumzia tani 205 hivi. Gharama za kupima, kukagua na kusajili hazipungui kwa sababu eneo ni dogo, na zitazimeza tani hizo zote. Kijiji kimoja peke yake hakiwezi. Vijiji vya ghuba nzima vikiungana, hapo pana mazungumzo, ilimradi tukumbuke onyo la Mzee Afisa kwamba mikoko ni ya Serikali Kuu, hivyo swali la nani anauza na nani analipwa lije kabla ya swali la bei.

#29 MwanaLiwale
Tunarudi kwenye karatasi.

#30 MjumbeWaKijiji
Ninawashukuru nyote. Nimechapisha post #2, #3, #4, #11 na #23 na kumpelekea mwenyekiti. Amekubali mambo mawili: suala lipelekwe kwa ofisi ya misitu ya wilaya kabla ya kikao, na kikao kijacho kianze kwa kuwasikiliza wanawake wanaoingia horini. Mtendaji bado anasema shilingi 2,400,000 ni dawati na bati la zahanati, na kwamba kaa hawajawahi kuezeka zahanati. Sijapata jibu la kumridhisha, maana zahanati inavuja kweli.

Kuanzia bamvua ijayo, kwa mwezi mmoja, mke wangu na kina mama wengine 11 wataandika kila wanachotoa horini: kaa, chaza, kuni, kamba wa chambo, na bei waliyouzia. Wasiojua kuandika watachora mistari kwa mkaa.

#31 MamaKaa
Waambie waandike na walichokula nyumbani, siyo walichouza tu. Kwangu mimi nusu haifiki sokoni. Na waandike saa walizotumia, maana yule bwana atauliza.

#32 ChumviSafi
Nami nitakutumia ujira wa siku wa mkwanguaji na idadi ya siku za kazi kwa msimu, kutoka kwenye daftari langu la miaka mitatu. Uweke karatasi mbili mezani, zote za kweli.

#33 MzeeJarife
Bamvua ni Jumatano. Waanze alfajiri, maji yakiwa yametoka kabisa, na mtu mmoja asimame mdomoni mwa hori ahesabu mitumbwi inayoingia. Wengi wa hao watakuwa wametoka vijiji vingine, nao hawakuhesabiwa katika zile kaya 180.